Goti Langu Halili Posho Yako

Kambarage, Shinyanga
Siku moja kabla ya basi lako

Kabula,

Shikamoo yako niliipokea asubuhi na marahaba nikakupa, kwa hiyo salamu zimekwisha. Tusimalizie karatasi hapo, nimezinunua kwa bei ya kitoweo.

Mimi si mtu wa kuandika, unajua. Shule niliiacha darasa la sita, ingawa mwalimu wangu akiulizwa atasema shule ndiyo iliyoniacha mimi. Lakini kwa mdomo tumeshindwana. Tukianza kuzungumza jambo zito, ama wewe unatoa machozi, ama mama yako anaingia na sahani, mambo yanaishia hapo. Karatasi hainikatizi. Leo kibanda nimekifunga mchana mzima. Mteja mmoja amegonga akauliza kama nyumbani kuna msiba. Nimemwambia kuna kikubwa kuliko msiba: mtoto wa mchoma nyama anakwenda Morogoro kuchukua masta. Amesema hongera, halafu akauliza kama kuna maini yaliyobaki.

Habari za chandarua, za komeo la mlango na za wanaume wenye sauti nyororo, mama yako amekueleza wiki nzima na mimi nilikuwa nasikiliza dirishani. Hakuacha kitu. Mimi nina jambo moja.

Juzi jioni nilikuwa nyuma ya jiko nanoa kisu. Wewe na mama yako mlikuwa mnachambua zile nsansa, majani makavu ya kunde, ulizosema utabeba, na mlidhani nipo kibandani. Nikasikia ukisema, "Mama, hesabu nimeshapiga. Nitakaa chumba kimoja na wenzangu watatu. Nitakula mara moja kwa siku. Kila posho ikiingia namtumia baba ya goti. Hata kabla sijamaliza, atakuwa ameshafanyiwa upasuaji."

Mama yako akasema, "Utakonda, mayu."

Ukamjibu, "Nikonde tu. Mimi nikonde, yeye atembee."

Kabula, mimi nimepigwa na mengi. Nimepigwa na jua, na mgambo, na mwanamke mmoja wa Kahama ambaye mama yako anamjua. Hakuna kilichonikalisha chini kama hilo neno. Nilikaa kwenye ndoo, na ndoo ilikuwa na maji. Ndiyo maana niliingia ndani nimelowa makalio nikawaambia nimeteleza.

Sasa nakujibu. Hapana. Hutanitumia hata senti. Posho hiyo umepewa ili usome, na aliyeitoa hakuambiwa kwamba Shinyanga kuna mchoma nyama mwenye goti bovu. Goti ni langu, nililiharibu mwenyewe, na jinsi nilivyoliharibu hujawahi kuambiwa. Nikimaliza kukueleza utaona kwa nini sitaki hela yako iliguse hata kwa plasta.

Usidhani unashauriwa na mtu asiyejua fedha. Wahasibu wanaihesabu, mimi nimeitafuna. Nimefanya biashara Kahama, Mwanza, Dar es Salaam, na Lubumbashi nilifika kwa miguu yangu mwenyewe, ukitoa sehemu nilizopanda lori. Nimekuwa tajiri kwa msimu mmoja, na maskini kwa misimu iliyobaki, kwa hiyo pande zote mbili nazijua.

Lile duara letu, lile shimo la dhahabu la machimbo ya nje ya Katoro, umelisikia tangu unanyonya. Unajua tulivyoshuka, unajua mwamba ulivyong'aa, unajua nilivyobebwa mabegani. Huwa nikifika hapo kwenye mabega naanza kucheka, naagiza chai. Leo chai hakuna, nitaendelea.

Kabla duara halijatema, ndivyo tunavyosema dhahabu ikitoka, tulikaa muda mrefu sana tunachimba mawe ya kawaida tu, mawe ya kutupia mbwa. Na binadamu anakula hata kama shimo halijatoa kitu. Tulikula kwa mama ntilie kwa kukopa. Ugali wa kukopa, maharage ya kukopa, hata kijiti cha kuchokolea meno kilikuwa cha kukopa. Siku ilipotema, tukapeleka mawe kwenye karasha yasagwe, tukamkuta mama ntilie ameshafika kabla yetu. Amekaa juu ya kigoda, amevaa kitenge cha sikukuu, hana hasira hata kidogo. "Karibuni wanangu," anasema, "nimekuja kuwapokea." Alitupokea kweli. Sehemu kubwa ya jasho letu tulikuwa tumeshaila zamani na kuisahau, na ugali ukiula kwa mkopo unauzwa bei nyingine, si ile ya ubaoni.

Posho yako itakuwa na tabia ya duara. Itakaa kimya, utaulizia ofisini utaambiwa bado, utaulizia tena utaambiwa mtandao, halafu siku moja itatema. Na ule ukimya ndio utakaokuponza. Hapo ndipo simu itakapoanza kukuletea meseji tamu za mkopo wa papo hapo, na hapo ndipo utakapokutana na wale wa kausha damu, wanaokukopesha wakitabasamu na kuja kubeba kitanda chako wakitabasamu vilevile. Hawa usiwaguse. Posho ya kwanza ikitoka, lipa kodi ya chumba mpaka mwisho wa muhula, siku hiyohiyo, kabla hujanunua hata kiberiti. Kisha mtafute mama ntilie msafi wa jirani na chuo, mpe hela ya mwezi mkononi, mwambie, "Mama, mimi nakulipa kabla sijala, unanipunguzia ngapi?" Atadhani umerukwa na akili. Atakupunguzia, na hata posho ikichelewa, sahani yako itakuwepo. Kama ningekuwa na akili hiyo Katoro, leo ningekuwa na ghorofa, na ningekuwa nakuandikia kutoka juu.

Huo ndio ujinga mdogo. Sasa nakuja kwenye mkubwa.

Babu yako, baba yangu, unamkumbuka kwa lile koti lililochanika kwapa. Watu wote walijua ni fukara. Akienda mnadani alikuwa anaomba tumbaku kwa watu wenye mbuzi wawili. Kumbe mzee alikuwa na ng'ombe wengi kuliko mwenyekiti wa kijiji. Ila zizini kwake alikuwa na watatu, wamekonda kama yeye. Waliobaki alikuwa amewabilisa, yaani amewagawa wakatunzwe na watu wengine, wawili kijiji hiki, watano kile, wengine huko Bukombe kwa Wasumbwa. Aliyewatunza anakunywa maziwa, ng'ombe anabaki wa babu yako. Ndugu akija kulia shida, mzee anamwonyesha zizi. "Chagua," anasema, "yupi kati ya hawa unaona anaweza kufika nyumbani kwako akiwa hai?" Ndugu anaondoka, wakati mwingine anamwachia yeye hela ya chumvi.

Duara lilipotema, nilinunua ng'ombe, hapo sikukosea. Lakini ulikuwa unabatizwa, Kabula. Mtoto wangu wa kwanza, na mimi mtu niliyebebwa mabegani Katoro. Nikaona ng'ombe waliotawanyika hawaonekani, sasa utajiri usioonekana una raha gani? Nikapita vijiji vyote, nikakusanya wangu, nikambembeleza babu yako mpaka akanipa na wale aliokuwa ameniandikia mimi. Nikawaswaga kwa pamoja, asubuhi ya ubatizo, wapite mbele ya kanisa. Vumbi lilifunika kigango kizima. Padri alisimamisha misa, akatoka nje, akapiga chafya. Nilikuwa nimevaa kofia ya ngozi na miwani ya jua, natembea mbele yao kama mkuu wa mkoa. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizowahi kuishi na sitadanganya kwamba naijutia yote.

Jioni yake babu yako akaja zizini. Akazunguka polepole, akaniambia, "Mpumbavu wewe. Watu wote wamewaona."

Nikasema, "Baba, ndiyo maana yake."

Akasema, "Hata mimi nimewaona. Basi nipe yule mwekundu."

Akawa mtu wa kwanza kuomba. Wa pili akawa kaka yangu Masanja, baba yako mkubwa, alikuwa anatafuta mahari ya mke wa pili. Halafu wakaja wa mbali. Waliokuja na wagonjwa, waliokuja na kesi, waliokuja na ndoto waliyoota kuhusu mimi. Nisingeweza kusema sina, ng'ombe walikuwa wanalia nyuma yangu wakati nasema! Na mimi kusema "ninao ila sitoi" nilikuwa sijui. Neno hilo lilikuwa halijafika mdomoni kwangu. Ulipofika wakati wa kwenda kidato cha tano, ile cherehani ya mama yako unaikumbuka, unajua ilivyogeuka ada. Yeye hajawahi kunitajia, mpaka leo. Afadhali angenitajia.

Kwa hiyo nikikuambia tawanya posho yako siku inapoingia, sikufundishi uchoyo. Nakufundisha akili ya yule mzee wa koti. Hela iliyolala kwenye simu ina mlio, na ndugu wana masikio. Ikishakuwa kodi, ikishakuwa chakula, ikishakuwa ada na nauli, mtu akipiga unamwambia sina, na ni kweli huna, na moyo wako unalala. Na yale magrupu ya simu ya michango, ya kitchen party ya mtu ambaye hujui hata jina lake la pili, toka humo. Wakisema wewe bahili, waambie umerithi kwa babu.

Lakini tenga na hela ya ujinga. Naisema kwa moyo wote. Nimeona wanaume shimoni waliojinyima mpaka chumvi, halafu wikiendi moja tu wakalewa msimu mzima. Mtu akijibana sana anapasuka. Kwa hiyo kidogo tu, kiasi cha soda na chipsi na kuangalia watu wakipita, iitwe ya ujinga, itumike kwa ujinga, na usimwombe mtu msamaha.

Sasa goti.

Ng'ombe walipokwisha nilirudi Katoro. Ila nilikuwa nimefilisika na sikutaka mtu ajue. Kila mtu mjini alikuwa bado ananiita Tajiri. Naingia baa, wanasimama. Ungefanya nini? Naagiza meza nzima. Niliagiza kwa hela ya mwisho niliyokuwa nayo, na hela hiyo ilikuwa ya matimba, zile nguzo za mti zinazozuia ukuta wa duara usiporomoke. Nikawanywesha watu matimba yangu, Kabula. Kisha nikanunua fito nyembamba za bei ya chini, nikashuka nazo, na nikashuka wa kwanza, kwa sababu tajiri anashuka wa kwanza. Fito haikuchelewa. Ilikatika ikanibana goti, na wale niliowanunulia bia ndio walionitoa. Mama yako nilimwambia mwamba uliporomoka wenyewe. Mwamba haukuwa na kosa.

Basi umejua. Hilo goti lilivunjwa na kiburi cha kuficha njaa. Na wewe sasa unataka kulitibu kwa kuficha njaa. Unaona tunavyofanana? Inanitia hofu kuliko duara lolote. Nitakupigia simu na utasema, "Nimekula, baba," kwa sauti ileile niliyokuwa naagizia meza. Mimi sauti hiyo naijua, niliibuni mimi. Siku ukikwama, niambie siku hiyo, usisubiri mpaka mwenye nyumba anijulishe. Nitachoma mbuzi, nitachoma na kwato. Mimi bado ndiye mzazi kwenye familia hii, na cheo hicho sijastaafu.

Kuna jambo la Jumapili pia, mama yako amesema nisikuambie, kwa hiyo nakuambia. Wewe ulikuwa umekwenda kuaga kwa mama yako mdogo. Baba yako mkubwa Masanja akamaliza ugali, akanawa, akakohoa kile kikohozi chake cha kikao.

"Mdogo wangu," akasema, "mtoto huyu ni wa ukoo. Kijana wangu Lushinge anaoa mwaka huu, na ng'ombe wa mahari hawatoshi. Posho ya kwanza ikitoka tuanze na hilo. Mengine tutapanga."

Nikamwambia, "Kaka, masta hawalipwi hela."

"Wanalipwa nini?"

"Vitabu. Kila mwezi gunia."

Akafikiri. "Haviuziki?"

"Vya Kiingereza."

"Basi alete hivyohivyo," akasema, "Lushinge atajua la kufanya."

Nikaona mzaha haufiki. Nikasimama, na unajua kusimama kwangu siku hizi ni safari. Nikasema, "Kaka, hela ya Kabula haimo kwenye kikao hiki, na haitakuwemo kwenye kikao kingine. Mwenye shida aje kibandani kwangu, atapata supu. Akitaka zaidi ya supu, hakuna."

Akanitazama kama mtu aliyeona ng'ombe akiongea. "Umekuwa mchoyo wewe?"

"Ndiyo," nikasema. "Nimechelewa sana, ila nimefika."

Aliondoka bila kuaga, ingawa nyama aliyofungiwa hakuisahau. Atakupigia simu. Ataanza na afya yako, atapita kwenye mvua, ataishia kwa Lushinge. Mpe shikamoo yake kamili, kisha sema, "Baba amenikataza." Nitupie mimi lawama zote. Watu wa ukoo huu wameshanisema kwa mambo mabaya zaidi, na mgongo ninao mpana, ni goti tu lililokufa.

Na hilo goti lisikuondolee usingizi. Tuko kwenye kikoba, wachoma nyama na wauza mboga wa hapa Kambarage, kila wiki tunaweka. Zamu yangu ikifika, goti linakwenda hospitali kwa hela ya supu. Daktari ameniambia halitanikimbia likisubiri. Nimemjibu halina uwezo wa kukimbia, ndiyo shida yenyewe. Hakucheka. Wasomi mna shida.

Najua kichwa chako. Umesoma mpaka hapa na bado unasema moyoni, mzee anaongea tu, mimi nitatuma. Kwa hiyo leo asubuhi, kabla sijanunua karatasi hizi, nilikwenda kwenye duka la kampuni ya simu na kitambulisho changu. Nikamwambia binti wa pale nataka kufunga akaunti yangu ya kupokelea hela.

Akasema, "Mzee, watu wanakuja hapa kufungua."

"Mimi nafunga."

"Umetapeliwa?"

"Hapana."

"Kuna mtu anakudai?"

"Hakuna."

"Sasa tatizo nini, baba yangu?"

Nikamwambia, "Nina mtoto anataka kunitumia hela."

Aliacha kuandika. Akaniangalia, akamwangalia mwenzake, wakaniuliza tena kama nina uhakika, mara mbili, kama wanavyouliza kanisani. Nikaweka kidole changu. Imefungwa, Kabula. Wateja wangu wanaolipa kwa simu itabidi waje na noti, na wasiokuwa na noti wakale kwa jirani, nyama yake ngumu itawafundisha. Mama yako ya kwake hajafunga, amekataa, lakini ameapa mbele yangu kwamba kila utakachotuma atakirudisha kabla hajakaa, na yeye akiapa unamjua.

Kupiga simu, piga hata usiku wa manane. Hela itagoma. Posho yako sasa haina njia ya kufika Shinyanga. Imebakiwa na tumbo lako, chumba chako na masomo yako. Kwa hiyo chukua chumba chenye dirisha, ng'wana wane, mwanangu, na ule. Asubuhi ule, mchana ule, jioni ule tena, na nikisikia umekonda nitapanda basi na goti langu hilihili nije nikulishe mbele ya maprofesa wako.

Ni mimi baba yako,
mchoma nyama namba moja wa Kambarage yote, na anayebisha awaulize mbwa wa mtaa